Vichupa Viwili vya Damu

Bibi Barafu alisema damu ya mjukuu wake haitapanda pikipiki ya mtu asiyemjua, na akishasema jambo ilikuwa kazi bure kumngoja abadilike. Alisimama katikati ya chumba cha daktari, mkoba kwapani, akimkagua mwenye pikipiki kuanzia viatu hadi kofia. Maabara ilikuwa upande wa pili wa mji. Mtu huyu angetoka pale na vichupa viwili, angekata mitaa yote hiyo peke yake, na nani angejua aliposimama au alichouza?

"Mama, hakuna anayenunua damu ya vichupa viwili," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, amechoka, na swali hilo alikwisha kulijibu kwa familia nyingine asubuhi ile ile.

"Kila kitu kina mnunuzi, daktari. Mimi niko sokoni tangu wewe uko shule."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kitandani akichezesha miguu. Walimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na hakunyamaza tena mpaka kifua kilipomnyamazisha. Sasa alisema kidogo, akasubiri pumzi imrudie, akaendelea alipoachia. Alikwisha kunywa dawa za kila rangi, na kila makohozi yake yalipopimwa, kijidudu hakikuonekana. Mapafu yalikuwa yanaungua na mchoma moto hajulikani.

Daktari aliwaeleza kwa mara ya pili, taratibu, kama mtu anayejua kwamba haaminiwi.

"Chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Kila moja imevaa koti la sukari. Sisemi ugonjwa wa kisukari, hilo liondoeni kichwani. Ni visukari vidogo vidogo vilivyopandwa juu ya ngozi ya chembe, na vile vya nchani ndivyo vinavyoituliza, iteleze tu ndani ya mshipa bila kugombana na mtu. Sasa, juu ya chembe hiyo hiyo kuna kimeng'enya. Tuseme ni mkasi. Vijidudu vikiingia mwilini, mkasi unakata zile ncha. Koti likishanyolewa, chembe inapata makali, inang'ang'ania ukuta wa mshipa, inapenya, inakwenda kupigana. Vita ikiisha, makoti yanaota tena."

"Na kwa huyu wangu?" mama yake Chiriku aliuliza.

"Kwa huyu nadhani mkasi haupumziki. Askari wamenyolewa makoti na adui hayupo. Wameingia mapafuni, wanayapiga mapafu yenyewe."

"Yaani mwili unajishuku wenyewe," Bibi Barafu alisema.

"Unaweza kusema hivyo, mama."

Dawa ya kuushika mkasi huo ilikuwepo. Ilikuwa ndiyo kwanza inajaribiwa kwa watoto, na katika kundi la kwanza ilibaki nafasi moja. Lakini daktari hakutaka kubahatisha. Kama kosa halikuwa la mkasi na yeye akaufunga, angekuwa amewafunga askari ambao mtoto anawahitaji, na homa ya kawaida tu ingeweza kumchukua. Kwa hiyo damu ya Chiriku ilipaswa kupimwa sambamba na damu ya mtu mzima mwenye afya, iliyotolewa saa ile ile na kusafiri njia ile ile. Mama alikwisha kukunja mkono wa gauni.

Baba yake Chiriku, aliyejulikana mtaa mzima kama Fundi, alikuwa ameegemea ukuta. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na hakuamini chochote ambacho hakiwezi kufunguliwa kwa bisibisi.

"Hiyo dawa mmeijaribu kwa nani?"

"Kwa watu wazima, na imeonekana salama. Kwa watoto ndio tunaanza."

"Ndiyo hapo," Fundi alisema, kama aliyekuta bomba linalovuja. "Basi angalau damu tuibebe wenyewe."

Daktari alitazama mlangoni, ambako foleni ilikuwa imekwisha kupinda kona. "Bebeni. Isichelewe tu," alisema, na hakusema zaidi ya hapo.

Vichupa alivipokea Bibi Barafu. Nje getini kilikuwa kimewekwa kile kisanduku chake cha kila siku, alichotengenezewa na Fundi, mwanawe, kutoka kwenye ubavu wa friji bovu, na ndani yake barafu aliyokuwa anaipeleka kwa wauza samaki. Alichimba kishimo kwa vidole, akalaza vichupa, akavifukia vizuri, akakandamiza. Fundi akafunga kifuniko na kukigonga mara moja kwa ngumi kuhakikisha hakipitishi hewa. Mama Chiriku aliyaona yote hayo, pamba bado imebanwa kwenye kiwiko, na moyo wake ulilainika kidogo. Kwa mkwewe hakuwa amezoea kuona kitu kilichotoka kwake kikitunzwa namna ile.

Kwenye maabara Bibi Barafu alivitoa vichupa mapema, akavifuta maji kwa kitambaa chake cha kichwani ili wasije wakasema vimetoka nyumba chafu. Akavishika kiganjani mpaka foleni ilipomfikisha dirishani.

*

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wazazi wawili, na Bibi akaja wa tatu bila kuitwa.

"Chembe za mtoto zimenyolewa makoti, kama nilivyodhani," daktari alisema. "Tatizo ni kwamba za mama pia zimenyolewa."

Alimgeukia mama yake Chiriku.

"Mama, una homa? Una kidonda, jipu, ugonjwa wowote unaotumia dawa?"

"Sina."

"Wakati mwingine mtu anao na hajui." Daktari aligeuza karatasi. "Au anajua."

Hayo maneno mawili ya mwisho pengine yalimponyoka tu, lakini yalikwisha kutoka. Fundi aliyasikia vizuri. Daktari aliendelea kueleza kwamba mtu mwenye afya hawezi kuwa na chembe zenye hasira kiasi kile. Kama mama ana ugonjwa uliojificha, huenda mtoto anao huo huo, na basi mkasi wake unakata kwa sababu halali. Kuufunga kungekuwa kumuua. Mama apimwe kwanza. Orodha ya watoto wa kujaribiwa dawa ingefungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Njiani damu haikufanyiwa kitu chochote?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Fundi.

"Hakuna," alisema Bibi.

"Hakuna," alisema mama.

Na hawakudanganya. Katika nyumba ile barafu haikuhesabiwa kuwa kitu. Nyama iliwekwa barafu, maji yaliwekwa barafu, hata dawa ya macho ya marehemu babu iliwekwa barafu, na ungewauliza wamefanya nini wangekuambia hawajafanya lolote. Swali lilipita juu ya vichwa vyao likaenda zake.

*

"Ugonjwa gani?" Fundi aliuliza walipofika nyumbani.

"Mimi nitajuaje?"

"Mtu hajui mwili wake mwenyewe?"

"Wewe unaujua wako?"

Fundi alichukua bisibisi yake, akatoka. Jioni mama Chiriku alipotafuta kikombe chake cha chai alikikuta kimetengwa pembeni, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono. Sahani ilikuwa na uzi vilevile. Godoro la Chiriku lilikuwa limehamishiwa chumbani kwa Bibi.

"Mama, mbona kikombe chako kimefungwa uzi?" Chiriku aliuliza.

"Ili kisipotee."

"Kwani kiliwahi kupotea?"

Mama alijifanya hakusikia. Alikunywa chai yake akiwa amesimama, akaosha kikombe mwenyewe, akakirudisha pale pembeni. Iliuma, wala asitokee mtu kusema haikuuma.

Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Sijui nani alilifikisha neno kule, lakini maneno ya namna hiyo hayakosi wa kuyabeba. Mwenye duka alimwita nyuma ya pazia, akaanza kwa kumsifia kazi yake, na mtu akianza kukusifia nyuma ya pazia ujue umekwisha.

"Hizi ni nguo za watu, unajua tena. Zinagusa ngozi zao. Pumzika kidogo mpaka mambo yako yaeleweke."

"Mambo yangu yapi?"

"Ndiyo hayo, yaeleweke."

Alirudi nyumbani mchana kweupe, majirani wakihesabu hatua zake. Na lililokuwa baya zaidi ni kwamba naye alianza kujishuku. Alijibonyeza shingo mbele ya kioo akitafuta uvimbe. Alikumbuka kikohozi cha zamani, kipele cha zamani. Kisha akamgeukia mumewe moyoni: kama ni ugonjwa, nani ameuleta? Fundi huingia nyumba za watu kutengeneza friji, akakaa huko hadi giza. Mawazo hayo hakuyapenda, lakini aliyaacha yakae.

Fundi naye alikuwa na yake. Jumatatu alimwambia mkewe anakwenda kununua gesi ya friji, akaenda kwa daktari peke yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

"Mimi sitaki kumchafua mtu," alisema, na hapo hapo akaanza. "Ila mke wangu kazini alikuwa anachelewa kurudi. Na nikimuuliza anakuwa mkali. Mpimeni kila kitu. Mkiona chochote, niambieni mimi kwanza."

"Majibu ni yake, baba. Nitampa yeye."

"Basi jua tu kwamba asemavyo si vyote vya kuaminiwa. Nasema kwa ajili ya mtoto."

Daktari hakupenda maneno yale, lakini yalimwingia. Alikuwa ameona familia nyingi zikificha magonjwa hadi mtoto anakwenda kaburini. Fundi alipotoka, alichukua jina la mtoto mwingine na kuliweka tayari kwa ajili ya ile nafasi.

*

Alhamisi majibu ya mama yalikuwa mezani. Aliyaomba yasomwe mbele ya mumewe na mkwewe, kwa sauti, na daktari akayasoma. Hapakuwa na ugonjwa. Walikuwa wametafuta kila penye kutafutwa, na mwanamke yule alikuwa mzima kuliko daktari mwenyewe.

"Sasa nimekwama," daktari alisema. Aliwatazama mmoja mmoja, na bado macho yake hayakuwa ya mtu anayeamini. "Mikasi ya chembe hizi haikati bila sababu. Vijidudu huiamsha. Damu ikikaa sana, inakata. Ikitikiswa ovyo, inakata. Chembe zikipigwa baridi kali halafu zikapata joto, nazo huzinduka kama zimevamiwa, zinakata makoti yao zenyewe. Lakini nyie mliniambia damu ilikwenda salama."

Fundi alielewa papo hapo. Baridi kali kisha joto ndiyo iliyokuwa riziki yake. Alijua kinachokipata chochote kikipoa kupita kiasi na kupashwa tena, na alikiona kisanduku kama kiko mbele yake pale, na ngumi yake ikigonga kifuniko. Alielewa pia kwamba akifungua mdomo, yatatoka mengine: uzi mwekundu, dobi, na ile gesi ya Jumatatu. Aliangalia sakafu. Mwanawe alikuwa anakohoa kwenye benchi nje ya mlango, na yeye aliangalia sakafu.

Bibi Barafu alichelewa kidogo kuliko mwanawe. "Baridi ya namna gani?" aliuliza.

"Kama ya friji, mama. Au barafu."

Mwanamke mzee alishusha mkoba kutoka kwapani. "Mimi niliviweka kwenye barafu."

"Mama, umesahau," Fundi alisema haraka. "Siku ile kisanduku kilikuwa kitupu."

"Nimeuza barafu maisha yangu yote, nisahau kuweka barafu?"

"Nakuambia umechanganya siku."

"Sijachanganya. Nilichimba, nikavifukia, na wewe ndiye uliyefunga kifuniko. Umesahau ulivyokigonga?" Alimgeukia daktari, kidevu kimeinuka lakini sauti imepasuka. "Niliwaza mtatuambia imeoza, mtupe majibu mnayotaka nyie. Nikasema damu ya mtoto wetu haitaozea mkononi mwangu. Kumbe mimi ndiye niliyeiharibu."

Daktari alijifuta uso kwa viganja. "Wenye pikipiki wetu wanajua kwamba haiwekwi kwenye baridi. Nyie sikuwaambia. Nilikuwa na foleni, nikasema isichelewe tu. Hilo ni langu, mama, usilibebe peke yako." Alisita, akamtazama mama Chiriku. "Na nikuombe radhi. Baba Chiriku alipokuja kuniambia nisikuamini, niliacha kutafuta kosa mahali pengine."

Mama Chiriku aligeuka polepole. "Ulikuja lini?"

"Nilikuwa na hofu ya mtoto," Fundi alisema.

"Nimekuuliza lini."

"Jumatatu."

"Jumatatu ulikwenda kununua gesi."

Fundi alizungusha kofia mikononi.

"Mwanangu," Bibi Barafu alimwambia mkwewe, "uzi wa kikombe nilifunga mimi. Sikutumwa na mtu. Nilikudhania vibaya na nilitaka ujue kwamba nakudhania. Nikifika nyumbani nitaukata."

"Nitaukata mwenyewe, Mama," alisema mama Chiriku, na hakusema kwa ukali.

Nafasi ilikuwa haijaandikwa jina bado. Damu ikitolewa muda ule, na ikaenda kama inavyotakiwa, majibu yangepatikana kesho kabla ya orodha kufungwa. Chiriku alipoiona sindano tena alilia, kisha akakohoa, kisha akauliza kwa nini ile ya kwanza haikutosha.

"Niliiharibu, mjukuu wangu," Bibi Barafu alimwambia. "Nisamehe, utoe nyingine."

Chiriku alifikiri kidogo, akanyoosha mkono. Mwenye pikipiki aliitwa. Bibi Barafu alimkagua kuanzia viatu hadi kofia kwa sababu mazoea ni mazoea, halafu akamfungulia mlango.

*

Ijumaa daktari alikuja mwenyewe hadi wodini, alikolazwa Chiriku tangu jana, kuwapa majibu. Chembe za mama zilikuwa zimevaa makoti yao yote, tulivu. Za mtoto zilikuwa zimenyolewa kabisa, na mikasi inakata bila kukoma. Sasa ilijulikana, na jina la Chiriku likaandikwa.

"Dawa haifanyi miujiza," daktari alisema. "Mapafu yaliyokwisha kuungua hayatarudi. Tunachotaka ni moto usiendelee. Na kwa kuwa tunawashika askari wake, homa yoyote, hata mafua, nataka kuijua siku ile ile. Atakaa hapa. Namtaka mtu mmoja wa kukaa naye. Mmoja, asiwe huyu leo na yule kesho. Huyo ndiye nitakayemweleza kila kitu, na ndiye atakayeniambia kila kitu, hata akiwa amekosea, hata kama ni aibu."

Mama hakuweza. Dobi alikuwa amemwita arudi kazini, kwa ile ile "unajua tena" yake, na nyumba ilihitaji mshahara ule. Hilo lilikuwa wazi kwa wote. Fundi alinyoosha kola ya shati. Alikuwa amenyoa, na tangu jana alikuwa akibeba ndoo za maji, akifagia, akimpisha mkewe mlangoni. Alisogea hatua mbele ya kitanda.

"Bibi yake," alisema mama Chiriku.

Daktari aliinua kichwa. "Bibi?"

"Ndiyo. Andika bibi yake."

Bibi Barafu alimtazama mkwewe kama aliyesikia jina lisilo lake. Akaweka mkoba wake chini ya kitanda cha mjukuu, akaketi.

Fundi alimfuata mkewe hadi kwenye korido. Watu walikuwa wanapita na yeye alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye baba yake."

"Sijakataa."

"Sasa unamweka aliyeharibu damu, unaniacha mimi?"

"Aliharibu, akasema," mkewe alimjibu. Alikuwa amekwisha kuvaa aproni ya kazini juu ya gauni, na alikuwa anatafuta kamba zake kwa nyuma. Fundi alinyoosha mikono kumfungia. Mkewe alijigeuza kidogo, akajifungia mwenyewe. "Wewe nenda kwenye friji zako. Nikitaka kujua hali ya mwanangu, nitamuuliza mama yako."